Jicho la Kunguru

Shoga yangu Mwajuma,

Nimekuota tena. Umekaa kwenye majani pale Mnazi Mmoja, na kunguru wote wa Dar wametulia wakisubiri zamu, nawe unawachonga manyoya mmoja mmoja kwa mpini wa kijiko chako. Mimi nakufuata nyuma na kopo la rangi, nimechelewa kama kawaida. Nilipoamka nikawasikia wale wa kweli wakipiga kelele juu ya bati. Nikalia, halafu nikacheka.

Huku ghorofa jipya limetuziba jua. Chumba chetu cha Kariakoo sasa kinapata mwanga mchana tu, kidogo, kama maji ya mgawo. Wateja bado wanauliza kwa nini tunachonga na kupaka rangi kunguru kwenye vipande vya ngozi ya ng'ombe, ndege mwizi yule, badala ya twiga. Nawajibu kama ulivyokuwa ukiwajibu, kwamba twiga hajawahi kuniibia andazi.

Sasa nikwambie habari ya kunguru wako wa mwisho. Siku ile kifua kilipokubana, uliifunga ngozi uliyokuwa ukimchonga kwenye kitambaa kibichi na mfuko wa nailoni isije ikakauka ikakataa kuchongeka, ukaniambia, "Usiifungue, nakuja kumalizia jicho." Hukurudi. Tukakaa msibani kwako Ilala, na mimi, kwa mara ya kwanza maishani, nikakutii. Nilipokuja kuifungua, shingo yote ilikuwa imeota ukungu.

Binti yako Rehema alisema kwa upole, "Mama mdogo, kama imeoza tuitupe tu. Mama hayumo humo."

Nikamwambia yumo. Kuiosha nisingeweza, maana ikilowa tena manyoya uliyoyachonga yangelegea na kulala. Nikaianika kivulini, karibu na dirisha, na ilipokauka nikaipangusa kwa brashi polepole, pumzi nimeibana. Ukungu ukatoka, doa likabaki. Kijivu, Mwajuma. Kijivu kile kile cha shingo ya kunguru ambacho miaka yote ulinisuta kwamba sikiwezi. Mwili nimeupaka weusi wenye buluu kwa mbali, kama ulivyopenda. Shingo sijaigusa.

Likabaki jicho, na unajua mimi ni mtu wa rangi, sijawahi kuchonga hata ukucha. Jana nikadondosha tone la maji mahali pake, nikachukua kijiko chako, nikabonyeza. Jicho limekaa chini na limepinda. Kunguru wako wote hutazama mbele, lakini huyu anatazama chini, pale kwenye kigoda chako.

Rehema alikuja kumchukua kunguru huyo. Akamwangalia muda mrefu, akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akasema nikae naye kwanza.

Mungu akulaze pema, shoga yangu. Nimekukumbuka mno. Kijiko chako hakitapata kutu, nakuahidi. Nitachonga kunguru mwingine, na jicho lake nalo litapinda, na la mwenzake pia, mpaka siku utakayokuja ndotoni unishike mkono.