Unga wa Bi Nyamizi

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Kanyenye tu wazima, ila bibi yako, mke mwenzako, bado anakohoa. Vitabu vyako viwili nimevimaliza. Unauliza kipi kinasema kweli kuhusu watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Kile cha historia kinaeleza vizuri nani aliamuru. Katika riwaya, kila anayepanda lori analia. Hilo mimi sikuliona.

Gazeti nililoliandikia wakati ule lilinituma kijiji kimoja siku kilipohamishwa. Bi Nyamizi, mjane, alikataa kupanda lori kabla ya kumwaga unga kaburini kwa mumewe, kumuaga kama ilivyo desturi ya Wanyamwezi.

“Bibi, lori halisubiri wafu,” mgambo alisema.

“Basi nisubiri mimi, mwanangu. Sikawii kuwa mmoja wao.”

Watu walicheka, na mgambo akacheka. Kisha akambeba, akampandisha. Unga ulimwagika ndani ya lori, kuku wakaula. Nyuma yetu nyumba yake, waliyoichoma mgambo ili asirudi, ilikuwa ikiungua.

Hakulia. Aliniuliza tu, “Mume wangu atajuaje nilikokwenda?”

Vitabu vyote viwili ni vizuri, Zuhura. Jibu la swali hilo sikulikuta humo.

Ni mimi babu yako,
Tabora.