Vigingi Nilivyochomea Vyungu

Mama,

Ugonile. Najua utaniuliza kwanza kama nimekula. Nimekula: ndizi na dagaa wa kukaanga, na nimeacha kidogo kwenye sahani kama ulivyokuwa ukiacha, ingawa mpaka leo sijui ulikuwa unamwachia nani.

Sasa nisikilize, na usinikatize kabla sijamaliza. Kile chungu ulichokiacha bila mdomo nimekiloweka. Ndiyo, kile kile kilichokaa kwenye kona ya jiko tangu ulipougua. Hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Hata kufagia pale nilifagia mwenyewe, tena kwa mkono, nikiogopa ufagio usije ukakigonga. Leo kipo kwenye beseni, kinakunywa maji. Nitakueleza kilichonifikisha hapo, ila kisa ni kirefu na mwanao nimeaibika kidogo.

Uliondoka kabla hawajaja watu wa daraja. Walifika na vyombo vyao vya miguu mitatu, wakapima wiki nzima. Wanataka daraja la barabara litoke upande wa Matema, likate kona ya ziwa pale mlima unapoingia majini bila kuacha hata pa kukanyaga, litue huku kwetu Ikombe. Magari Ikombe, Mama! Wewe uliyepanda gari mara ya kwanza ukiwa tayari na watoto wawili, na uliposhuka pale Kyela ukaligusa ubavuni ukalishukuru, "Ndaga fijo." Dereva alicheka mpaka akasahau kudai nauli, na wewe ukaona ndivyo magari yalivyo.

Kijiji kimelikataa. Mguu wa daraja unatua juu ya udongo wetu, pale pale tunapochimba, mahali bibi yako alipochimba. Wenye mitumbwi nao wanaona kazi yao inaondoka wakiwa wameshika kasia. Ambokile wako ndiye amekuwa msemaji wao. Kitinda mimba aliyekuwa akiambiwa asome mstari mmoja kanisani analia, sasa anasimama mbele ya wakubwa anaongea mpaka mate yanaruka. Ungefurahi, halafu ungemwambia apunguze.

Wanawake tuliandika barua ya kupinga. Mama Gwamaka aliizungusha nyumba kwa nyumba, unamjua akishika jambo. Ndiye huyo huyo, rafiki yako wa miaka yote, ambaye mlikuwa mkigombana kila Jumamosi nani kauza vyungu vingi sokoni Matema, kisha mnarudi mtumbwi mmoja mkila muwa mmoja. Alinipa kalamu akasimama juu yangu. Nilisaini. Mkono ulikuwa mzito, Mama, kwa sababu unayoijua wewe.

Siku ile ulipozidiwa, ziwa lilichafuka tangu asubuhi. Tulikulaza kwenye mkeka pale pwani ili likitulia kidogo tu tuondoke. Matema ilikuwa inaonekana. Mabati ya nyumba yalikuwa yanang'aa jua, na hospitali nilijua ipo nyuma ya miti ipi. Ambokile alisukuma mtumbwi mara mbili, na mara mbili mawimbi yakamrudisha nao umejaa maji. Ukasema, "Muacheni mtoto, asife kwa ajili ya mzee." Mtoto mwenyewe ana mvi. Jioni ziwa lilipotulia, wewe ulikuwa umeshatulia. Bado ninaliangalia ziwa kwa hasira, nalo kila asubuhi linakuja miguuni kama halijafanya kitu.

Kwa hiyo niliposikia daraja, kabla sijafikiria udongo, nilifikiria gari. Lingetumia muda gani kutoka hapa mpaka mlango wa hospitali? Muda wa kuchemsha maji ya ugali, labda. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Wenzangu wote wanaimba wimbo mmoja, na mfinyanzi asiye na wenzake hana udongo. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hapa mtu haendi kuchimba peke yake. Wanakwenda wawili au zaidi, ili shimo likiporomoka awepo wa kukuvuta. Wakinitenga, nimekwisha.

Nikakaa na siri yangu, na vyungu vikaanza kupasuka motoni. Ulisema mtu asiende kwenye udongo na kinyongo, na mimi nilikuwa nakwenda nacho kila wiki kama kikapu.

Sasa aibu yenyewe. Mvua zilipopungua ziwa lilileta kuni nyingi ufukweni. Nilikumbuka neno lako, kwamba kuni zilizoletwa na ziwa ni za aliyeinama kwanza. Basi nikaamka mapema, nikainama kwanza. Nikaokota magogo, matawi, na katikati yake nikakuta vijiti vimenyooka vizuri, urefu mmoja, vimechongwa ncha. Vilikuwa vimejaa tope. Nikashukuru kabisa. Nikasema moyoni, huyu aliyechonga hivi ni mtu wa mpangilio, Mungu ambariki. Nikavianika pamoja na kuni zingine, na siku ya kuchoma nikavipanga chini ya vyungu, vyote.

Moshi ulitoka mweusi na unanuka duka la rangi. Vyungu vikatoka na mabaka mekundu ambayo sikuyapaka.

Vilikuwa vigingi vya wapimaji, Mama. Maji yaliving'oa, yakaniletea mlangoni, nami nikavichomea vyungu.

Unajua kijiji chetu. Wapimaji waliporudi hawakukuta hata kimoja, na katika jivu langu mtu akaona kipande chenye rangi nyekundu. Kabla jua halijapanda nilikuwa shujaa. Mama Gwamaka alinikumbatia akaniinua, na mimi si mwepesi. Akasema kwa sauti, "Mnaona? Damu ya marehemu haijapotea!" Wanawake wakanipigia vigelegele. Nilicheka nao, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine na uso wangu.

Lakini waliokuja kuuliza hawakuwa wanacheka. Mtendaji aliitisha mkutano, akasema kama aliyeharibu hajitaji, atawapeleka polisi Kyela wale wanaopinga kwa makelele zaidi. Akamtaja Ambokile wa kwanza. Na yule mdogo wangu mjinga, akijua kabisa ni mimi, akasimama akanyoosha mikono yake mbele kama mtu anayesubiri kufungwa kamba. Hakuniangalia. Ile ile namna alivyosukuma mtumbwi siku ile, bila kuangalia nyuma.

Ndipo nikasimama. Mama, nikakaza kitenge kiunoni. Nikasema ni mimi. Nikaeleza kuni zililetwa na ziwa, nikainama kwanza, nikavichomea vyungu, na kama wanataka ushahidi waje waone mabaka. Mkutano mzima ulicheka, hata mtendaji alijificha nyuma ya daftari. Mpimaji mmoja, kijana wa watu mwenye adabu, akaniuliza, "Kwa hiyo wewe, mama, hupingi daraja?"

Ningeweza kukaa. Mlango ulikuwa wazi wa kusema napinga, nikarudi kwenye vigelegele vyangu. Lakini nilikuona kwenye mkeka. Nikawaambia: mama yangu alilazwa pale pwani, pale mnapoegesha boti yenu, kutwa nzima, tunaitazama hospitali kwa macho. Nataka njia. Nataka gari liingie hapa hata usiku wa manane mtu akiugua. Lakini mguu wa daraja mkiuweka juu ya udongo, mtakuwa mmemwokoa mtu mmoja mkaua kijiji. Uhamisheni mguu. Pwani ni ndefu.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mama Gwamaka aliokota khanga yake akaondoka, hakuaga. Ambokile alikaa chini taratibu, akafunika uso. Mpimaji aliandika kwa muda mrefu. Akasema haahidi kitu, ila atapeleka yote mawili kama yalivyosemwa, na kwamba watapima tena mbele kidogo, karibu na mawe. Mtendaji hakumpeleka mtu polisi. Alisema hajui ataandika kosa gani.

Siku tano nilikaa bila mtu kunipitia kwenda kuchimba. Nilisikia sauti zao zikipita njiani asubuhi, na zikifika usawa wa nyumba yetu zinashuka. Udongo wangu uliisha. Nilikaa jikoni nakitazama kile chungu chako kisicho na mdomo, nikakulilia kuliko siku ya mazishi. Siku ya mazishi nilikuwa na wageni wa Busale, nilikuwa nahangaika na mchele.

Leo asubuhi nikasikia mtu amesimama mlangoni hapigi hodi. Ni Mama Gwamaka, na jembe begani. Akaniambia, "Siku ile nilikuwepo pwani na mimi. Nilishika miguu yake. Unadhani sikuitazama Matema?" Kisha akasema, "Inuka twende, udongo hauji wenyewe."

Tulichimba mimi na yeye. Hatukuongea daraja. Aliniambia tu kwamba wapimaji wakirudi, atawashauri wapige vigingi vyao mbali na maji, la sivyo atavipikia maharage. Bado analipinga, usidhani amebadilika. Barua yake ingali inazunguka, na jina langu nimeomba libaki, ila nimeandika chini yake kwa mkono wangu: mguu usikae kwenye udongo.

Tuliporudi aliingia jikoni, akakiona chungu chako. Akapitisha kidole pale mdomo ulipotakiwa kuanza. Nikafikiri atalia. Akanigombeza! "Unatunza udongo mkavu kama picha? Ambao haujaona moto haujafa. Loweka." Ni kweli. Uliwahi kuniambia hivyo mwenyewe nilipokuwa mdogo na nikavunja chungu chako kibichi nikajificha.

Basi nimeloweka. Nilikaa nikitazama. Ubavu wake ulianza kulegea, na alama za vidole vyako zikawa za mwisho kuondoka. Nilizigusa zikiwa bado zipo. Vidole vyangu vinaingia humo humo, Mama, ni saizi moja.

Kesho nitauchanganya udongo wake na ule tuliochimba leo, nitakifinyanga upya, na safari hii nitakiwekea mdomo. Nitakichoma kwa kuni nilizozikagua moja moja. Kikitoka salama kitakaa ndani na maji ya kunywa, hakitaenda sokoni.

Na nakuahidi hili. Siku daraja litakapotua, kama litatua karibu na mawe na si kwenye udongo, sitapanda gari. Nitakibeba chungu hicho kichwani, nivuke kwa miguu mpaka mlango wa hospitali, nikufikishe.

Ndaga, Mama. Naenda kugeuza udongo, usije ukakauka upande mmoja.

Mwanao,
Sekela