Ngumi za Programu ya Muziki

Sonnenberg,
Chemnitz, Ujerumani.
17 Juni 2019

Mpendwa mpwa wangu Kibwana,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Yangu mpelekee mama yako. Goti lake linaendeleaje? Na Zuhura, mtihani kaufanyaje? Mimi ni mzima, isipokuwa jino moja la mbele, nalo liliondoka kishujaa, utasikia.

Umeniuliza, kwa kuwa kompyuta yako ya kupigia muziki harusini umeiwekea Linux, uchukue programu ipi ya kupigia nyimbo. Umeuliza penyewe. Darasa la saba sikulimaliza, lakini nimezeeka na hawa watu wa Linux, na huku swali hilo hujibiwa kwa ngumi.

Jumamosi jirani yangu Torsten alikuwa katika mkesha wa kumwoa Annett. Desturi ya huku, jioni ya kuamkia harusi watu huja na vyombo vya udongo: sahani, vikombe, hata masinki na vyoo vya zamani, wakavivunja mlangoni kwa bibi harusi ili ndoa iwe na heri. Lakini kioo ni mwiko. Kikivunjika kioo, wazee wanasema na ndoa imekwenda.

Muziki alipewa Lutz, rafiki wa Torsten tangu utotoni. Sasa Torsten ni mtu wa Amsel, programu ndogo isiyo na urembo, hucheza wimbo palepale ulipouweka. Lutz ni mtu wa Orgel, likubwa, picha na rangi tele, nalo hupanga nyimbo lenyewe kama mke wa mwana anayehamisha masufuria ya mkwewe. Wamebishana juu ya hilo miaka yote, ila kwa midomo.

Annett alitaka jambo moja tu: acheze wimbo aliouimba marehemu baba yake. Ulikuwa kwenye kanda, Torsten akauingiza kwenye kompyuta kabla kanda haijaoza. Nakala nyingine hakuna. Lutz akaweka Orgel humo, akalikabidhi nyimbo zote, nalo likazipanga linavyojua. Annett alipouomba wimbo wake, Torsten akafungua folda. Hamna kitu.

"Umempeleka wapi baba mkwe wangu?"

"Tulia, bwana, Orgel lime..."

Ngumi ilifika kabla ya neno. Lutz aliangukia chali juu ya vigae, mgongo ukachanika, akainuka na sahani akamvunjia bwana harusi kichwani. Damu ikamshuka Torsten mpaka kwenye shati jeupe. Binamu wa Annett akamrukia Lutz shingoni, mwingine akamvuta huyo kwa nywele, na ua mzima ukawaka: sahani za heri zikawa silaha. Mimi unanijua, nimeamua ugomvi wa mabaharia bandari tatu. Nikajitosa mikono juu: "Jamani, mimi mgeni, nipigeni wa mwisho!" Bakuli la supu halikusikia. Jino likaenda. Aliyelirusha nilimbeba juujuu nikamtumbukiza kwenye pipa la maji ya mvua. Kumbe ni mwalimu wa chekechea.

Torsten akainyanyua laptopu, akaibamiza juu ya choo kilichovunjika. Skrini ikapasuka pande zote. Bibi yake Annett akapiga yowe: "Kioo! Wamevunja kioo! Harusi hakuna!"

Watu wakaganda. Annett akaja akaigonga skrini kwa ukucha. "Plastiki hii, bibi." (Ndani yake kuna kioo, lakini mimi nani wa kusema?) Kisha akawageukia wale wawili. "Ila kama baba hayumo humu, kesho sitoki chumbani. Mkaoane nyinyi."

Lutz akapiga magoti kwenye vigae, akatema damu. "Nilikuwa nataka kusema. Orgel kila asiye na jina humtia kwenye folda ya wasiojulikana."

"Baba yangu hajulikani?"

Lutz akaivuta laptopu. Skrini ilikuwa nyeusi, spika bado zinavuma, na Orgel bila picha za kubofya ni kipofu. Akamtazama Torsten. "Amsel mnaiamrishaje kwa kuandika tu?"

Torsten akajifuta damu machoni, akamtajia herufi mojamoja, na Lutz akaandika asichokiona. Wasiojulikana wakaanza kutoka mmoja mmoja: mtoto akilia. Kisha mbwa. Kisha kikohozi cha mzee, na sauti nene ikaanza kuimba.

Annett alicheza na buti juu ya vigae, mkono huu Torsten, mkono huu Lutz, wote wakimchafulia gauni kwa damu. Jumapili walioana. Lutz alisimama shahidi na mdomo kama andazi. Leo asubuhi nimewasikia ngazini wakibishana tena, Amsel, Orgel, kwa midomo.

Kwa hiyo mpwa, chukua ile inayotii hata ikivunjwa uso. Na sauti za watu wako zipe majina kwa mkono wako mwenyewe. Usiiachie mashine iamue nani anajulikana.

Nisalimie mama, shemeji Athumani, bi Somoe na Zuhura wangu. Mungu awape riziki isiyo na fitina na harusi zenye kelele.

Ni mimi, mjomba wako akupendaye huku baridini,
Mwinjuma