Aliyenirudisha Kwenye Tenisi ya Meza

Mpendwa mshauri, kabla pumzi haijaniishia nataka kusema nilichoficha: sikujirudisha mwenyewe kwenye tenisi ya meza, nilirudishwa na mke wangu Biubwa, na hapa Bagamoyo hakuna anayejua. Mimi ni mwalimu mstaafu, umri wa miaka themanini na miwili, nilikuwa bingwa wa klabu yetu ya wazee, kisha nikaanguka bafuni nikavunjika nyonga, nikakaa miaka mitatu bila kushika raketi, na niliporudi mpira ulinipita nikiutazama tu, hata Msabaha, ambaye zamani nilimshinda huku nikipiga soga, akaniambia, "Mwalimu, kapumzike, unatutia huruma."

Nililia njia nzima. Biubwa akafunga mlango wa ua, akatoa meza ya chakula, akatandaza kanga juu ya chupa mbili za chai ikawa wavu, akaanza kunirushia mipira, kumbe aliucheza mchezo huu shuleni Pangani kabla sijamwoa. Alitaka kwanza niirudishe nimekaa kitini, kisha nimesimama nikishika meza, kisha nitembee, na nikizubaa anafoka, "Mpira hauji kukupa shikamoo, bwana, ufuate!" Niliufuata. Sikukuu ya Idi nikamshinda Msabaha mbele ya klabu nzima, na sitaficha, nilitembea kifua mbele.

Lakini Biubwa aliniapisha nisimtaje, anasema watamcheka, bibi mzima kurukaruka na raketi. Wakiniuliza nani kanifundisha, najibu, "Juhudi zangu." Sasa moyo umechoka, nimelala kitandani, na Jumamosi klabu itatundika picha yangu yenye maneno "Alijifundisha upya mwenyewe." Nikifa, uongo huo utabaki ukutani. Je, nivunje kiapo? Usiichapishe barua hii mpaka nikuruhusu.

Mwalimu Yusuf

Shikamoo, mwalimu. Pole kwa maradhi, na hongera kwa ushindi. Ila nivumilie nikugombeze. Uliapa kutomtaja mkeo, hukuapa kusema "juhudi zangu." Hilo uliliongeza mwenyewe, maana makofi ni matamu. Siri ni ya Biubwa, sifa za uongo ni zako, usizichanganye. Leo hii wapigie simu klabuni, waambie maneno yale yafutwe kwa kuwa ulifundishwa; hapo huhitaji ruhusa ya mtu. Halafu mwombe mkeo akufungulie kiapo, na usimlilie habari za kufa. Mwambie unajivunia yeye. Akikataa, nyamaza. Akikubali, sema yote, hata yale yasiyokupendeza.

Mshauri, chapisha. Maneno yamefutwa. Nilipomwomba Biubwa anifungulie kiapo, akasema, "Haya, sema, lakini usiniongezee chumvi." Msabaha alipokuja kunijulia hali nikamweleza yote, Biubwa akiwa pale pale anamimina kahawa. Msabaha akamgeukia.

"Shemeji! Kwa hiyo ni wewe uliyenitia aibu siku ya Idi?"

"Mimi nilimfundisha tu, shemeji. Ungecheza na mimi ungetamani kukimbia."

Msabaha akacheka mpaka kofia ikamdondoka, akaniuliza kama mke wangu anajisifu bure. Nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu: mimi mwenyewe sijamshinda Biubwa hata mara moja.