Jina Lako Halikuwa Ubaoni

Mkubwa wangu,

Juzi nilisimama kando ya kaburi lako pale nyumbani Tetu nikashindwa kusema hata neno, maana mke wako Mama Wangeci alikuwa ananitazama kutoka mlangoni. Ndiyo maana naandika. Najua hukupenda barua. Ulikuwa ukisema mtu anayekuandikia badala ya kuja kwako ana jambo analoficha. Basi mimi sifichi, nimekuja na nimeondoka, lakini bado sijakuambia lile lililonipeleka.

Kwanza habari za kituo, kwa sababu najua ungeanza kuuliza hapo. Lori jipya la zimamoto lilifika miezi miwili baada ya kukuzika. Ni jekundu vile ulivyotaka, ila ni refu kuliko banda, kwa hiyo linakaa na kichwa ndani na mkia nje kwenye mvua. Vijana wa zamu wanasema wewe ndiye ungelipima kabla halijanunuliwa. Nami nawaambia wewe ungelipima kwa hatua zako, na hatua zako zilikuwa fupi. Yule mama wa Kamakwa, anayetuita kila mara kwa sababu ya nyuki, naye bado anapiga simu. "Kariuki ako?" Mara ya kwanza nilimwambia ulikufa, akalia mpaka mimi nikaanza kumbembeleza. Wiki iliyofuata akapiga tena, akauliza vilevile. Siku hizi namwambia umetoka.

Mezani pako sasa nakaa mimi. Walinipandisha cheo mwezi wa tatu baada yako, na hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu kile ulichokuwa ukinung'unikia miaka yote huku nikidhani ni uzee tu. Siku nilipotia sahihi ile barua ya usimamizi, nilitoka katika chama cha wafanyakazi. Nilipotoka katika chama, marupurupu ya hatari yakakatwa, na ile bima ya kuumia kazini ikakatwa pia. Nikapewa mshahara ulionona kidogo, na barua ikasema kazi yangu ni ya ofisini. Wiki hiyohiyo nilikuwa ndani ya duka la magodoro lililojaa moshi, nikitambaa kwa magoti. Niliporudi nilikohoa siku nne. Nikakukumbuka wewe ulivyokohoa miaka minne.

Basi nikaanza kupiga simu. Wa Murang'a alikuwa na malalamiko hayohayo. Wa Kutus pia, yule Gichuki uliyemfundisha wewe mwenyewe, na wengine wa miji hii yetu ya kuzunguka mlima. Tukakubaliana tuzungumze na waajiri kwa pamoja, na tuombe jambo moja kabla ya mengine yote: msimamizi alindwe kama anavyolindwa mzimamoto anayemtuma motoni. Wakanichagua mimi niwe msemaji. Sijui walinipendea nini. Nafikiri ni kwa sababu nilikuwa nimekaa na wewe, wakadhani ujanja huambukiza.

Tulikutana Sagana, katika hoteli moja ya barabarani wanakokaanga samaki. Nilikumbuka ushauri wako, "Usikunywe chai yao mpaka waseme kitu." Nikakaa bila kugusa kikombe, uso nimeukunja. Upande wa mwajiri alikuja mama mmoja wa miwani, mpole, wa idara ya wafanyakazi. Hakuonekana kujali kama nakunywa au sinywi. Alimimina yake, akaongeza, na mpaka nilipoamua sasa basi nimeonyesha msimamo, birika lilikuwa tupu. Ujanja wako huo, Mkubwa, uuchunguze tena huko uliko.

Lakini hakuwa mtu mbaya. Nilitaka sana awe mbaya, ingenirahisishia kazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akainama, akatoa kwenye sanduku vitabu vyetu vya matukio, vya miaka mingi, akavipanga mezani. Akaniambia, "Madam, sikatai. Nionyeshe tu ukurasa moja yenye msimamizi ameingia kwa moto. Moja tu."

Nikafungua. Mkubwa, unajua nilichokuta.

Hakuna. Hakuna hata mmoja. Kurasa zimejaa majina ya wazimamoto, nani aliingia, nani alitoka, saa ngapi, na chini kabisa sahihi ya msimamizi. Nusu ya vile vya kituo chetu vilikuwa kwa mwandiko wako, zile herufi zako zilizosimama wima kama watu wa kwaya. Nikatafuta siku ya moto wa karakana ya mbao, ile ya barabara ya Mweiga, siku ambayo mimi nilikuwepo na nilikuona kwa macho yangu ukimpa dereva ule ubao wa kuhesabia watu na kuingia. Majina sita yameingia. Majina sita yametoka. Wewe umetia sahihi.

Nikapitisha kidole mstari kwa mstari, kisha nikarudia. Nilikuwa nikilitafuta jina lako, na wewe mwenyewe ndiye uliyeliacha nje.

Kwa sababu ndivyo ulivyotufundisha. Kila mzimamoto ana kibati chenye jina lake. Kabla hajaingia, anampa msimamizi kibati, msimamizi anakitundika ubaoni kando ya lori, na akitoka anakichukua. Moto ukizimwa, majina ya ubaoni yanaandikwa kitabuni. Msimamizi hana kibati. Ubao ni wake, na yeye anapaswa kuwa nje akihesabu. Nilipokuwa mgeni nilikuuliza, na ukiingia je? Ukanijibu kwa ukali, "Jina ya mkubwa haiendi kwa ubao. Siku vijana wataona jina yako hapo, watajua hakuna mtu nje." Nikaona ni neno la mtu mkubwa kweli. Nikalishika. Nilipopelekwa Kutus miezi sita kuwafundisha, nililifundisha huko pia, wakaniheshimu kwa ajili yake, na miji mingine ikaliiga. Sasa tulikuwa tumekaa mezani, wasimamizi wa miji yote hiyo, na hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba amewahi kunusa moshi. Tulikuwa tumejifuta kwa mikono yetu wenyewe, na tulikuwa tukijivunia.

Nilikukasirikia, sitakudanganya. Nilitoka nikaenda msalani nikakusema vibaya kwa Kikuyu, mambo ambayo siwezi kuandika hapa.

Ilibaki njia moja, nayo sikuitaka. Njogu. Unamkumbuka alivyokuwa mwembamba ulipombeba kutoka ile karakana. Sasa amenenepa, na ndiye mwakilishi wa wazimamoto katika chama. Hatukuwa tukizungumza vizuri tangu mgomo wa wazimamoto uliotokea baada yako, wakati sisi wasimamizi tulipoendesha malori wenyewe ili mji usiungue. Kwao ilikuwa ni usaliti. Kwenda kwake kuomba msaada kulinichoma. Nilimkuta nyumbani kwake Ruring'u anaosha pikipiki yake, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kwa maana hakunikaribisha nikae. Alipomaliza kunisikiliza alitupa kitambaa ndani ya ndoo. Kisha akasema, "Ati kitabu inasema mzee hakuingia? Sasa mimi nilibebwa na nani?"

Mkutano wa pili alikuja Sagana na bahasha. Ndani yake mlikuwa na karatasi za wazimamoto, wengine wa kituo chetu, wengine wa Kutus na Murang'a, kila mmoja ameandika kwa mkono wake siku aliyoingia motoni na msimamizi aliyekuwa naye. Watu waliotununia miezi yote hiyo! Wengine wameandika mistari miwili tu. Mmoja ameandika, "Madam Muthoni alinivuta na mguu, bado inauma." Njogu alisimama mbele ya yule mama wa miwani, akajaribu kusema kwa utaratibu, akashindwa. Akasema tu, "Mtu hawezi bebwa na mtu hayuko, madam." Kisha akakaa. Yule mama alivua miwani akaifuta, na sidhani ilikuwa chafu.

Mchana ule walitupa jibu. Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Walikubali. Bima ya kuumia na ya magonjwa ya kifua, marupurupu ya hatari, na msimamizi naye awe na kibati na aandikwe kitabuni. Yote, kuanzia siku ya kutia sahihi. Lakini si kwa yaliyopita. Nilikuwa nimeweka kifungu kimoja kwa ajili yako, Mkubwa. Sikuliandika jina lako, lakini kila mtu mezani alijua ni chako: kwamba msimamizi aliyekufa kwa maradhi ya moshi, familia yake ifidiwe kama ya mzimamoto. Yule mama akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kwa walio hai wanaweza kuandika kanuni mpya, lakini kwa aliyekwenda wanahitaji kitabu, na kitabu kinasema alikuwa nje. Tukishikilia kifungu hicho, mambo yote yataenda kwa wasuluhishi, na wasuluhishi watachukua mwaka, labda miwili. Na kwa muda wote huo hakuna atakayelindwa.

Wenzangu walinitazama. Hakuna aliyenisukuma. Wa Murang'a alisema tutangoja nikisema tungoje, kwa sababu ni Kariuki. Nikafungua mdomo niseme tungoje. Kweli nilikuwa naenda kusema hivyo. Ndipo Gichuki akakohoa.

Si kwamba alitaka kusema kitu. Alikohoa tu, akageukia dirishani na kitambaa mdomoni, na mimi nikakijua kikohozi kile. Ni kilekile. Kinaanza kikavu, kinashuka, kisha mtu anatabasamu ili usimuulize. Ana watoto watatu, mdogo yuko chekechea.

Nikatia sahihi.

Nimewahesabu wote, Mkubwa, wote wametoka isipokuwa wewe. Hilo ndilo nililolifanya. Mtu anaweza kunipigia makofi, na walinipigia, wakaninunulia samaki mzima ambaye sikuweza kumla. Njiani kurudi nilijiambia wewe ungefanya vilevile, na nina hakika ungefanya, lakini kuna tofauti kubwa kati ya mtu kujitoa na mtu kutolewa na mwingine. Wewe ulijiacha nje ya kitabu kwa hiari yako. Mama Wangeci hakuulizwa. Wala mimi sikumwuliza.

Basi juzi nilikwenda kumwambia, kabla hajasikia sokoni. Nilimkuta anachambua maharagwe kwenye ungo. Kahawa ya shamba la juu iko vizuri, imeshika. Lile shamba la chini, la mtoni, anatafuta mtu wa kulikodi, kwa sababu Wangeci bado yuko chuoni na mikono ya mama haitoshi. Fidia ile ingelibakisha shamba lile mikononi mwake. Alijua hivyo, nami nilijua anajua. Nikamweleza moja kwa moja, kama ulivyonifundisha kumwambia mtu kwamba nyumba yake imekwisha: bila kuzunguka, na bila kuangalia chini.

Alichambua maharagwe mpaka yakaisha. Kisha akauliza, "Huyo wa Kutus, anakohoa sana?" Nikasema ndiyo, sana. Akauliza kama mke wake ni mzima, nikasema ni mzima. Akaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo nilipoomba ruhusa nikaja kusimama kwako, na nikashindwa kusema.

Nilipoaga alinifuata mpaka kwenye lango. Nilidhani ataniambia amenisamehe, na nilikuwa nimejitayarisha kulia. Badala yake alisema, na nitakuandikia vile alivyosema: "Muthoni, ulifanya poa. Na mimi niko na hasira na wewe, na haitaisha leo. Sitaki kukasirika peke yangu hapa na kahawa. Utakuwa unakuja kila mwezi, nikukasirikie ukiwa hapa."

Hivyo ndivyo alivyo mke wako. Unamjua vizuri kuliko mimi.

Sikuombi uniambie nilifanya sawa. Ungekuwa hai ungeninyima hata hivyo, ungeniuliza tu kama nimekula. Nilichotaka ni usikie kutoka kwangu, si kutoka kwa mtu mwingine, kwamba watu wako wako salama na kwamba gharama yake ilitoka nyumbani kwako.

Pumzika, Mkubwa wangu. Kifua kile sasa kimekuacha, na hilo peke yake linanifariji. Nakuahidi hili: Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi nitapanda kuja Tetu. Nitachuma kahawa akitaka nichume, nitanyamaza akitaka ninyamaze, na akikasirika nitakaa papo hapo mpaka amalize.

Aliye mwanafunzi wako bado,
Muthoni