Niache Nikusikie Ukishona

Nyumba ya nyuma ya duka la vioo,
Ghorofa ya juu.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Dada yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kwa shemeji yako na kwa mpwa wako. Hujambo? Goti limekaaje, bado linalalamika ukikanyaga cherehani? Na macho? Usije ukaniambia bado unatunga uzi bila miwani kwa ubishi tu. Sisi huku wazima. Mimi pia ni mzima wa mwili, ila kichwa nakileta nyumbani kikiwa hoi.

Najua unashangaa kupata barua. Shangazi amenieleza kwamba unapiga simu sipokei, na sasa umeacha kupiga kwa sababu unaona mdogo wako amekununia. Dada, nikununie wewe? Maneno hayo yameniuma sana, nikaona bora niandike, maana karatasi hailii.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu. Tangu asubuhi nimevaa vipokea sauti masikioni, taa ndogo ikiwaka napokea simu ya dharura, na kila anayepiga ana roho mkononi. Mmoja nyumba inaungua, mwingine mkewe ameshikwa na uchungu kwenye ngazi, mwingine anataka paka wake ateremshwe kutoka juu ya paa, na huyo ndiye mkali kuliko wote. Sauti yangu haitakiwi kutetemeka. Wazima moto wakifika, simu inakatwa na taa inawaka tena. Mwisho wa mambo hatuambiwi.

Juzi nilikuwa na msichana aliyekwama chumbani, moshi ukipenya chini ya mlango. Nikamwelekeza aloweshe taulo azibe ule upenyo. Tukawa tunaongea, akaniambia ana mtihani kesho yake na hajasoma. Nikasikia kishindo na sauti za wanaume, kisha kimya. Mpaka leo sijui. Nikapokea simu iliyofuata.

Ndiyo maana nikiwa nyumbani simu ikalia, naiacha iite. Naona jina lako, nafurahi kweli, halafu naifunika simu kwa mto. Najiambia nitakupigia nikishatulia, na huko kutulia hakuji. Tena si wewe peke yako uliyepata taabu. Wiki iliyopita shemeji yako aliniita kutoka bafuni, maji yamekatika. Nikamjibu kwa ile sauti ya kazini: "Tulia. Nieleze uko wapi, na kama unapumua."

"Niko bafuni, mke wangu," akasema, "na ninapumua povu!"

Mpwa wako alicheka mpaka akakaa sakafuni. Na mimi nikacheka, kisha nikajikuta nalia.

Tangu siku hiyo nikiingia ndani hakuna anayenisemesha. Mpwa wako ananiwekea beseni la maji ya uvuguvugu kwenye roshani ya nyuma, nakaa kwenye kigoda, natumbukiza miguu. Jua linakuwa limelegea ukutani. Shuka za jirani zinajaa upepo kwenye kamba, zinashuka, zinajaa tena. Natazama vidole vyangu ndani ya maji, naviona vya mtu mwingine kabisa. Polepole zile sauti za mchana zinaanza kuondoka, moja baada ya nyingine, kama wageni wanaotafuta viatu vyao mlangoni. Yule msichana huwa anaondoka wa mwisho.

Na hapo, Dada, kila jioni najikuta mahali palepale, chini ya meza yako ya kushonea. Nimelala juu ya vipande vya vitambaa, nanusa mafuta ya cherehani. Mguu wako unapanda na kushuka karibu na pua yangu. Cherehani inatiririka, inasita kwenye pindo, inatiririka tena. Mama akinitafuta ulikuwa unamwambia hapa hakuna mtu, kuna vipande tu, na jina likaniganda. Nilikuwa natoka shule nimeonewa, naingia humo chini, na wewe huniulizi kitu, unashona tu. Sijawahi kupumzika hivyo mahali pengine popote.

Lakini siku hizi mlio wenyewe siupati sawasawa. Nautafuta kichwani, nakuta king'ora au mtu anayelia. Naanza kuusahau, Dada, na naogopa.

Basi nina ombi, na usinicheke. Nipigie jioni, jua likianza kulegea. Usinisalimie, usiniulize habari za kazi, wala usinipe za shangazi, hata kama zimekujaa mdomoni. Weka simu mezani, kando ya mkasi, ushone. Gauni la bibi harusi, suruali ya mtu iliyopasuka, chochote. Ukichoka, kata.

Nisalimie mumeo, mwambie aache kukalia vitambaa vya wateja. Shangazi mwambie safari hii umbea wake umefaa. Wanao wabusu kwa niaba yangu, wakubali wasikubali. Mungu akulindie macho, goti na riziki ya mikono yako.

Simu hiyo nitaipokea. Na mimi sitasema kitu. Ukisikia maji yakitikisika, ujue nimefika, nimo chini ya meza.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,

Kipande