Mbia wa Nne

Dada yangu mpendwa,

Kabla ya yote nakujulia hali, wewe, shemeji na watoto. Kifua cha mwanao wa kati kimetulia? Huku mimi ni mzima, ukiacha mgongo, ambao viti vya ofisini vimeumaliza. Uliniuliza kazi mpya ikoje. Nilikawia kujibu nikingoja hasira ipungue. Haikupungua, kwa hiyo nivumilie hivyo hivyo.

Cheo changu ni mratibu wa ubia. Usicheke. Kuna mashirika matatu ya hisani, tunayaita Nyumba, Matunzo na Msaada. Moja lina nyumba ya wazee wasio na watu wao, la pili linawapikia, linawafulia na kuwapa dawa, na la tatu linawasaidia kwa mengine yote, kuanzia safari za hospitali hadi kupiga nao soga. Zamani kila shirika lilifanya lake na wazee waliishi. Kisha wafadhili wakasema hawatoi tena kwa mmoja mmoja, wanataka ubia. Basi wakubwa watatu ambao hata salamu walikuwa hawapeani wakaanza kukumbatiana mbele ya kamera, na mimi nikaajiriwa kuwashikisha mikono wasije wakaachiana.

Mkubwa wa Nyumba tunamwita Mama Nembo. Haoni karatasi asiulize nembo ya shirika lake iko wapi na kwa nini imekuwa ndogo. Mkubwa wa Matunzo ni Bwana Mchakato; ukimwambia paa linaungua atakujibu kwamba suala hilo liko kwenye mchakato. Wa Msaada hana jina la utani, maana hajawahi kusema neno la kukumbukwa. Yeye anaunga mkono. Ukimuuliza anaunga mkono nini, anaangalia nani kaongea mwisho.

Sasa, katika chumba cha chini kando ya ngazi, alikuwamo mzee mmoja aliyeishiwa nguvu mguu wa kushoto. Alijiweza kwa kila kitu isipokuwa kuinuka kutoka kwenye kigoda cha bafuni. Alichohitaji ni kishikio, kipande cha bomba la chuma kilichofungwa ukutani, basi. Na sheria ya nyumba ni kwamba asiyeweza kuoga peke yake hakai pale. Anapelekwa kwenye wodi ya wasio na wenyewe, na huko sijasikia aliyerudi.

Nikalifikisha kikaoni. Mama Nembo akasema kishikio kinashikwa na mwili, na mwili si wake, ni wa Matunzo. Bwana Mchakato akasema ukuta ni wa Nyumba, naye hawezi kutoboa ukuta wa mbia mwenzake. Wa Msaada akawaunga mkono wote wawili. Wakahamia kwenye jina. Kikiitwa kishikio ni kifaa, basi ni cha Matunzo. Kikiitwa bomba ni sehemu ya jengo, basi ni la Nyumba. Mwishowe wakakubaliana kiitwe nyenzo ya kujitegemea, jina lililowafurahisha sana kwa sababu halikuwa la mtu yeyote. Wakapigiana makofi, wakanywa chai. Mzee akaendelea kutoka bafuni kwa kutambaa.

Kisha akaanguka. Hakuvunjika, ila alilala sakafuni na sabuni machoni mpaka mpishi aliposikia ndoo ikigongwa. Wakubwa wakaitisha kikao cha dharura, hotelini, eti ofisini projekta ni mbovu. Huko ndiko walikogundua kwamba ubia wao una pengo. Kila mzee, walisema, lazima ana watu wake mahali fulani, na watu hao ndio mbia wa nne. Familia ikipatikana, kishikio ni juu yake. Isipopatikana hadi mwisho wa mwezi, mzee aende wodini. Nikaagizwa nimtafute huyo mbia wa nne, nikapewa na gari la kumtafutia.

Dada, gari sikuliwasha. Mbia wa nne alikuwa amekaa pale pale kikaoni akiandika muhtasari. Mzee wa chumba cha chini ni Baba.

Ndiyo, huyo huyo. Nilimjua tangu wiki ya kwanza, kwa kovu la kidevuni na ile tabia yake ya kusafisha koo kabla ya kusema uongo. Yeye hakunijua, alituacha nikiwa darasa la kwanza. Nikanyamaza. Nilijiambia mashirika matatu yanamtosha. Nilikuwa namdharau Mama Nembo kwa kusema mwili ule si wake, na mimi nasema hivyo hivyo kimoyomoyo, kila siku, kwa mshahara.

Kwa hiyo nilisimama, nikawaambia. Wakapiga makofi! Mama Nembo akataka picha yangu na Baba, nembo ikiwa nyuma yetu. Nikamwomba, kwa heshima iliyonibakia, nembo hiyo akaifunge bafuni, huenda ikafaa kushikwa. Bwana Mchakato akasema lugha yangu itaingia kwenye mchakato. Nimeacha kazi, au kazi imeniacha, bado wanajadili.

Baba yuko kwangu. Kishikio nimekifunga mwenyewe kwa drili ya jirani, kimepinda kidogo lakini kinashika. Usidhani nimemsamehe. Nampa chakula, namwekea maji, halafu natoka nje kwa sababu nikimtazama sana nachemka. Namdharau, Dada, na bado nasimama mlangoni mwa bafu mpaka nisikie ameinuka.

Najua uliapa asitajwe mbele yako, wewe uliyeacha shule ili mimi nisome. Una haki yako. Sikuombi chochote, sikutaka tu uje kuyasikia kwa watu.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Baba ameniona nikiandika, akauliza ni kwa nani. Nikamtajia jina lako. Koo hakusafisha, akaniomba nikufikishie salamu zake. Nikamjibu kwamba mimi sibebi salamu za mtu. Akanyoosha mkono apewe kalamu aandike mwenyewe, ila vidole vyake haviishiki tena. Basi nimezibeba, shingo upande: Baba anakusalimu. Ukiweza, zipokee. Usipoweza, usiandike lolote, nami nitamwambia barua zinachelewa.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba